Kiharusi kikimpata mzazi wako, andika saa na unachokiona

Musoma. Daktari wa zamu alimtazama Bibi, akasoma barua ya rufaa, kisha akatugeukia sisi ndugu watatu tuliosimama kando ya kitanda. Alikuwa na swali moja tu: jana mgonjwa alikuwa amesinzia hivihivi, au hali hii imeanza leo?

Mama akajibu kwamba jana Bibi alikuwa akifumbua macho kila akiitwa. Mjomba akakataa. Kwa kumbukumbu yake, tangu jana mama yao alikuwa hivyo hivyo. Watoto wawili wa mama mmoja, waliosafiri naye katika boti moja, walitoa majibu mawili tofauti.

Daktari akairudia barua. Iliandikwa "CVA, kupooza upande mmoja", ikafuata sentensi ya kuomba apokelewe. CVA ni kifupi ambacho wahudumu wa afya hukitumia wakimaanisha kiharusi. Upande upi uliopooza, haikusema. Saa ngapi ugonjwa ulianza, haikusema. Kama mgonjwa alikuwa anaongea, anaelewa au amepoteza fahamu, haikusema.

Kilichotuokoa ni simu ya mdogo wangu. Asubuhi ya jana yake, wakiwa majini kutoka Rukuba, alichukua video fupi ili amtumie ndugu yetu aliyeko Mwanza. Ndani ya video ile Mama anaita, Bibi anafumbua macho, anaubana mkono wa Mama kwa mkono wake wa kushoto na kujaribu kusema neno. Daktari aliitazama mara mbili, akasoma tarehe na saa ya video, akaandika kwenye faili kwamba hali ya mgonjwa imezidi kuwa mbaya tangu jana. Bibi akapelekwa kwenye CT-scan bila kusubiri zaidi.

Ninaandika habari za afya kila wiki, lakini siku ile ndipo nilipoelewa jambo ambalo sikuwahi kuliandika. Katika kiharusi kikali, maandishi ni sehemu ya matibabu. Na mwandishi wa kwanza si daktari, ni yule aliyekuwa nyumbani mgonjwa alipoanguka.

Asubuhi ile kisiwani

Rukuba ni kisiwa ndani ya Ziwa Victoria, katika Halmashauri ya Wilaya ya Musoma. Kutoka kule kwenda hospitali kubwa ni lazima upande boti, na boti husubiri mafuta, nahodha na utulivu wa ziwa. Watu wengi wa kule wanaishi kwa uvuvi. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani nyakati za giza na taa zao, mbalamwezi ikiwaka hupumzika. Bibi alikuwa mwanika dagaa. Kwake usiku wa giza ulikuwa usiku wa kazi, kwa kuwa mitumbwi hurudi alfajiri naye lazima awepo mwaloni.

Siku hiyo hakutokea mwaloni. Binti wa mama mdogo alimfuata ndani saa 12 asubuhi, akamkuta chini kando ya kitanda, mdomo umepinda, mkono na mguu wa kulia vimelegea.

Familia ilifanya mengi mazuri. Hawakumpaka dawa wala kumnywesha kitu. Walimwita mhudumu wa afya, wakatafuta boti, wakapiga simu Musoma nijiandae kuwapokea. Lakini kila tulipoulizwa Bibi alianza lini kuugua, tulijibu kwamba ameamka hivyo, jana saa 3 usiku alilala mzima.

Siku ya tatu, kijana wa jirani alipokuja kutoa pole, ndipo akatuambia kwamba alfajiri ile, kama saa 11, alipishana na Bibi akitoka chooni. Alimwamkia, Bibi akaitikia na kumuuliza habari za mama yake. Basi saa 11 alikuwa mzima, anatembea na kuongea. Ugonjwa ulimpata ndani ya saa moja kabla ya kukutwa. Sisi tulikuwa tumeuongezea saa nane ambazo hazikuwepo.

Kwa nini saa ina uzito kiasi hicho

Kiharusi hutokea kwa njia kuu mbili. Ya kwanza, damu iliyoganda huziba mshipa na sehemu ya ubongo hukosa damu. Ya pili, mshipa hupasuka na damu huvuja ndani au kuzunguka ubongo. Kwa macho, hali hizi mbili hufanana. Mdomo hupinda, mkono hulegea, maneno hupotea. Anayeweza kuzitofautisha kwa uhakika ni mashine ya picha kama CT-scan.

Kwa kiharusi cha kuziba ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, ambayo kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Saa hizo hazihesabiwi tangu mgonjwa alipokutwa. Huhesabiwa tangu alipoonekana mzima mara ya mwisho. Ndiyo maana daktari hung'ang'ania swali hilo. Ukimwambia "ameamka hivyo", analazimika kuhesabu tangu alipolala.

Niseme ukweli ili nisimpe mtu matumaini ya uongo. Dawa hiyo haipatikani katika hospitali nyingi, na Bibi hakuwa mgonjwa wa kupewa. Picha ilionyesha damu imevuja upande wa kushoto wa ubongo, na kwa mgonjwa wa namna hiyo dawa ya kuyeyusha damu ni hatari. Kwake saa ilikuwa na kazi nyingine. Kiharusi cha kuvuja damu kinaweza kupanuka katika saa za mwanzo, na daktari anahitaji kujua hali imebadilika kwa kasi gani. Video ya kwenye boti ndiyo iliyompa mahali pa kuanzia.

Ukali wa kiharusi unapimwa kwa namba

Maneno kama "mbaya", "nafuu" au "amepooza" kila mtu huyaelewa kivyake, kama Mama na Mjomba. Kwa sababu hiyo madaktari duniani hutumia vipimo vya namba.

Kimojawapo ni kipimo cha fahamu cha Glasgow, kilichotolewa mwaka 1974. Huangalia mambo matatu: mgonjwa anafumbuaje macho, anajibuje na anasogezaje viungo. Alama huanzia 3 hadi 15. Mtu mzima kabisa hupata 15, na aliye na 8 au chini ya hapo yuko katika hali nzito.

Kingine ni maalumu kwa kiharusi, kinajulikana kwa kifupi cha NIHSS. Kilichapishwa Marekani mwaka 1989 na kina alama 0 hadi 42. Hapa mambo ni kinyume na Glasgow, namba ikiwa kubwa ugonjwa ni mkali zaidi. Alama 1 hadi 4 ni kiharusi chepesi, na 21 kwenda juu huhesabiwa kuwa kikali sana.

Hakihitaji mashine. Mpimaji humwambia mgonjwa afumbe na kufumbua macho, akunje na kukunjua kiganja. Huangalia macho yanafuata kidole au yamevutwa upande mmoja, na kama mdomo unapinda akitabasamu. Mkono huinuliwa na kuhesabiwa sekunde 10, mguu sekunde 5. Kiungo kikibaki juu ni sifuri, kisiposogea kabisa ni 4. Kisha hupimwa hisia za ngozi, uelewa wa lugha, utamkaji, na kama mgonjwa anautambua upande wake wote wa mwili.

Bibi alipopokelewa hospitali ya pili alipata 21.

Namba hiyo iliandikwa pamoja na saa, jina la aliyepima na alama za kila kipengele. Hilo la mwisho ni muhimu. Wagonjwa wawili wanaweza kuwa na 12 kila mmoja, huyu kwa sababu ya mkono na mguu, yule kwa sababu haongei wala haelewi. Jumla peke yake haionyeshi tofauti hiyo. Tena namba moja peke yake ni picha ya dakika moja. Ikipimwa tena na kupanda kwa alama 4 au zaidi, kwa kawaida huchukuliwa kwamba hali imeharibika na jambo lifanyike.

Bibi na swali la umri

Kuna jambo ambalo familia zetu zinapaswa kulijua kuhusu kipimo hiki. Mgonjwa huulizwa maswali mawili: huu ni mwezi gani, na una umri gani? Jibu linatakiwa kuwa sahihi. Kukaribia hakuhesabiwi.

Sasa fikiria wazee wetu. Bibi hakujua mwaka aliozaliwa. Tarehe iliyo kwenye kitambulisho chake ilikadiriwa siku ya kuandikishwa. Miezi yake aliihesabu kwa giza na mbalamwezi, kama watu wa dagaa wanavyofanya. Hata akiwa mzima asingepata maswali yale mawili. Isitoshe, lugha yake ya nyumbani ilikuwa Kijita, na Kiswahili alikitumia zaidi mwaloni na sokoni. Kipimo chenyewe kilitungwa kwa Kiingereza, na mchoro wake wa kupimia lugha ni wa jiko la Kimarekani.

Mtu akiulizwa kwa lugha asiyoizoea, akakaa kimya, inaweza kuandikwa kwamba kiharusi kimemnyang'anya lugha. Pengine ndivyo. Pengine hakuelewa swali. Na kinyume chake kinawezekana pia: mgonjwa aliyepoteza lugha kwa kiharusi akadhaniwa kuwa ni mzee tu asiyejua Kiswahili.

Hapo ndipo ndugu anahitajika kusema: "Daktari, shikamoo. Bibi yetu anaongea zaidi Kijita. Umri wake hata siku zote haujui. Lakini jana alikuwa anatuita majina wote." Muuguzi mmoja alituomba hasa jambo hilo. Alimwambia Mama amwamuru Bibi kwa Kijita afumbe macho. Bibi akafumba. Kwa amri hiyo moja ikajulikana kwamba bado anaelewa, ingawa hawezi kujibu, na ikaandikwa hivyo.

Kutoka faili hadi namba ya ugonjwa

Mgonjwa akiruhusiwa au akifariki, faili lake haliishii kabatini. Ugonjwa ulioandikwa hupewa namba kutoka Orodha ya Kimataifa ya Magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, inayofahamika kwa kifupi cha ICD. Taarifa za vituo vyetu, kuanzia rejista za MTUHA hadi mifumo ya kompyuta, hujumlishwa na kupelekwa juu hadi wizarani.

Anayetoa namba huwa hajamwona mgonjwa. Anasoma kilichoandikwa, na haruhusiwi kuongeza anachodhani. Chukua mgonjwa mmoja kama Bibi, umpitishe kwenye toleo la kumi la orodha hiyo:

Daktari akiandika "presha" tu, namba ni I10. Kwenye hesabu za nchi huyo ni mgonjwa wa shinikizo la damu, basi.

Akiandika "kupooza upande mmoja" tu, namba ni G81. Amepooza, lakini kilichompoozesha hakijulikani.

Akiandika "kiharusi" bila kueleza aina, namba ni I64, maana yake kiharusi ambacho hakikubainishwa kama ni cha kuvuja au kuziba. Mahali pasipo na CT-scan, hii ndiyo namba ya haki.

Akiandika "kiharusi cha damu kuvuja ndani ya ubongo", namba ni I61. Cha kuziba ni I63.

Mwili ni mmoja, namba tano. Tofauti imeletwa na kalamu na vipimo vilivyopatikana.

Wala namba hizo kuu hazisemi ukali. Aliyeteguka mdomo kidogo akarudi kazini na aliyelala miezi sita wote wanaweza kuwa I61. Marekani waliliona tatizo hilo, na tangu Oktoba 2016 toleo lao la ICD lina namba za alama za NIHSS, zinazoanza na R29.7. Toleo la Shirika la Afya Duniani halina. Kwetu, ukali unabaki katika yale daktari na muuguzi walioyaandika kwenye faili: alama, kiwango cha fahamu, kama mgonjwa anameza, anaongea, upande gani haufanyi kazi. Yasipoandikwa, hayapo.

Toleo la kumi na moja, lililoanza kutumika kimataifa Januari 2022, limekihamisha kiharusi kutoka kundi la magonjwa ya mzunguko wa damu kwenda kundi la magonjwa ya mfumo wa fahamu. Ni sawa, kwa kuwa kinachoumia ni ubongo. Lakini orodha mpya haiwezi kuokoa faili lililoandikwa maneno matatu.

Namba hizi zinaihusu nini familia yangu?

Mzazi unayesoma hapa unaweza kusema hayo ni mambo ya ofisini. Nami nilidhani hivyo.

Kwanza, ni mambo ya kuhesabiwa. Miaka ya 1990 mradi mmoja wa utafiti ulihoji familia za marehemu katika Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini ili kujua watu wazima wanakufa kwa nini, maana wengi walifia nyumbani. Ni maelezo ya ndugu yaliyoonyesha kwamba kiharusi kinaua Watanzania wengi kuliko ilivyodhaniwa. Baadaye, kati ya Juni 2003 na Juni 2006, watafiti walifuatilia kiharusi chenyewe Hai na Dar es Salaam wakapata wagonjwa 636. Baada ya kurekebisha tofauti za umri, kwa mwaka mmoja waliopata kiharusi walikuwa takriban 109 kwa kila watu 100,000 Hai, na 316 Dar es Salaam. Takwimu hizo zilipatikana kwa sababu kila mgonjwa alitafutwa na kuandikwa. Mgonjwa wa kisiwani aliyeandikwa "presha" haongezi hoja ya kuleta CT-scan karibu.

Pili, ni mambo ya ukoo. Watoto wako watakapokuwa watu wazima wataulizwa na daktari kama kuna aliyewahi kupata kiharusi katika familia, akiwa na umri gani, cha aina gani. Jibu la "bibi alipooza" ni pungufu. Jibu la "bibi alivuja damu kwenye ubongo, presha yake ilikuwa 210 kwa 120" linamfanya mjukuu apime presha yake mapema.

Tatu, ni mambo ya cheti cha kifo. Fomu ya kitabibu ya sababu za kifo haiulizi jina moja la ugonjwa. Inauliza mnyororo: kipi kilimuua mwishoni, kilisababishwa na nini, na hicho kilianzia wapi. Hapa Mara tuna mfano ambao kila mtu anaukumbuka nusu. Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa Butiama, alifariki Oktoba 14, 1999 katika hospitali ya St Thomas' jijini London. Wengi wetu tunataja saratani ya damu. Wachache wanakumbuka kwamba siku chache kabla ya kifo, akiwa hospitalini humo, alipata kiharusi kikubwa. Yote mawili ni kweli, na maelezo yanayotaja moja na kuacha jingine yanapoteza sehemu ya habari. Ikiwa hivyo kwa mtu maarufu namna hiyo, je, kwa mama mwanika dagaa?

Watoto nao hupata

Tusidhani ni ugonjwa wa wazee peke yao. Kanda ya Ziwa ni kati ya maeneo ya nchi yenye watoto wengi wa selimundu, na mtoto mwenye selimundu anaweza kupata kiharusi akiwa bado mdogo. Kwa aina kali ya ugonjwa huo, bila kinga, takriban mtoto mmoja kati ya kumi hukipata kabla ya kufikisha miaka 20.

Habari njema ni kwamba hatari hiyo inaweza kuonekana mapema. Hospitali ya Bugando, Mwanza, imefanya utafiti kwa watoto wenye selimundu kwa kutumia kipimo cha mawimbi ya sauti kinachopima kasi ya damu kichwani. Wenye kasi ya hatari wamekuwa wakipewa dawa ya haidroksiurea ili kuipunguza. Kama mwanao ana selimundu, muulize daktari wa kliniki yake kuhusu kipimo hicho na dawa hiyo.

Mtoto kama huyo akilegea mkono ghafla, akianza kuchechemea au kuacha kuongea, usisubiri kesho ukidhani amelalia mkono. Andika saa, nenda hospitali, na useme tangu mlangoni kwamba ana selimundu.

Andika haya

Dalili ni za ghafla: uso kupinda, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea, maneno kuchanganyika au kupotea, macho kutoona vizuri, kichwa kuuma kupita kiasi. Ukiona mojawapo, mmoja atafute usafiri, mwingine ashike kalamu au simu.

1. Saa alipoonekana mzima mara ya mwisho, na nani alimwona. Waulize wote, hata watoto na majirani. Rekodi ya simu ulizopiga na kupokea itakusaidia kukumbuka.

2. Saa alipokutwa, na alikuwa katika hali gani: amelala, ameanguka, ametapika, ametetemeka kama degedege.

3. Upande uliolegea. Usiandike "upande mmoja". Andika kulia au kushoto.

4. Akiitwa anafanya nini: anafumbua macho, anajibu, anabana mkono. Jaribu kwa lugha yake ya nyumbani.

5. Alivyokuwa kabla ya kuugua: alitembea mwenyewe? Alijua umri wake? Anatumia mkono gani kulia chakula na kuandika?

6. Magonjwa na dawa. Beba vidonge vyote na makopo yake, na kadi za kliniki. Dawa za kuzuia damu kuganda zitaje kabla hujaulizwa.

7. Video ya sekunde 20 au 30 inayoonyesha uso na mikono yote miwili. Msitiri mgonjwa kwa nguo. Video hiyo ni ya daktari, haiendi kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo.

Pia kuna mambo ya kutofanya. Usimpe aspirini, kwa sababu hujui kama damu imeziba au inavuja. Usimpe dawa ya presha ya jirani. Usimpe maji, uji wala chakula mpaka apimwe kama anameza, kwani vinaweza kuingia kwenye mapafu. Akiwa amesinzia mlaze ubavu.

Na mkihamishwa hospitali, kabla ya kuondoka someni barua ya rufaa. Kama imekosa saa, upande, kiwango cha fahamu au dawa alizopewa, ombeni kwa adabu viongezwe. Si kumfundisha daktari kazi. Zamu huwa na wagonjwa wengi na mtumishi mmoja anaandika huku anaitwa upande wa pili. Ombi la upole kwa kawaida husikilizwa.

Karatasi kwenye pindo la kanga

Jioni ya siku ile ya swali la daktari, mama mdogo alifungua pindo la kanga yake atoe hela ya chakula. Pamoja na noti ikaanguka karatasi iliyokunjwa mara nne.

Ilikuwa ya yule mhudumu wa afya wa kisiwani. Aliandika kwa mkono: saa 12:50 asubuhi, presha 210 kwa 120, sukari 6.8, mkono na mguu wa kulia haviinuki, anafumbua macho akiitwa, anabana mkono wa kushoto akiambiwa. Mistari minne. Kila alichotuuliza daktari kilikuwa pale, kimefungwa na nauli ya boti, na hakuna aliyetukumbusha wala sisi kukumbuka kukitoa. Nimeilaumu sana ile barua ya maneno matatu, lakini karatasi hii tuliificha wenyewe.

Bibi alikaa hospitalini wiki nne. Mama alikuwa amekata tamaa, kwa sababu kila siku alimwona vile vile, mkono umelala, maneno hayatoki. Wiki ya sita, tuliporudi kliniki, muuguzi alifungua faili akamwonyesha. Siku ya kupokelewa, 21. Siku ya kuruhusiwa, 17. Leo, 12. Akaonyesha kwa kidole kipengele kwa kipengele: mguu ulikuwa 4 sasa ni 2, macho yalikuwa yamevutwa upande sasa yanafuata. Mama aliangalia zile namba kwa muda mrefu. Tangu siku hiyo hakuruka zoezi hata moja la mguu.

Bibi aliishi mwaka mmoja na miezi minne zaidi, akarudi Rukuba, akakaa chini ya mwembe wake akisimamia kwa macho dagaa wa wengine. Alipofariki, Mama alijua cha kueleza alipoulizwa sababu, kwa mpangilio wake, tangu presha ambayo haikupimwa kwa miaka mingi hadi damu kuvuja.

Lile daftari ambalo Bibi alikuwa akiandikiwa hesabu zake za dagaa sasa liko kwa Mama. Mbele bado kuna ndoo na madeni ya watu. Nyuma, Mama amepiga mstari na kuandika majina yetu wote, na kila mwisho wa mwezi anatupigia simu mmoja mmoja, mimi nikiwemo, akiuliza presha imesoma ngapi.